Mazoezi Andalizi kwa Wagonjwa Wanaosubiri Upasuaji wa Valvu za Moyo: Namna Aina ya Hitilafu Inavyoamua Kipimo cha Zoezi

IKISIRI

Mgonjwa anayesubiri upasuaji wa valvu ya moyo aghalabu huambiwa apumzike. Makala hii inafafanua kwa nini ushauri huo, ukitolewa bila mipaka, unamdhoofisha mgonjwa kabla hajafika kwenye meza ya upasuaji, na kwa nini kumhimiza kila mgonjwa afanye mazoezi ni hatari pia. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha zoezi hakina budi kutokana na aina ya hitilafu ya valvu. Valvu iliyobana na valvu inayovuja hukabili mzigo wa zoezi kwa namna tofauti, na zoezi linalomfaa mgonjwa mmoja laweza kumzimisha mwingine. Makala inaeleza pia kwa nini matokeo ya tafiti za mazoezi andalizi yanapaswa kutumiwa kwa uangalifu kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao ni vijana walioathiriwa na homa ya baridi yabisi.

Maneno ya msingi: valvu za moyo, mazoezi andalizi, baridi yabisi, misuli ya kupumua, upasuaji

1.0 Utangulizi

Moyo wa binadamu una valvu nne, ambazo hufunguka na kujifunga takribani mara 100,000 kwa siku ili damu iende upande mmoja tu. Valvu ikiharibika, hitilafu huwa za namna mbili. Ama hubana, yaani haifunguki vya kutosha, ama huvuja, yaani haifungi sawasawa na damu hurudi ilikotoka. Valvu moja yaweza kuwa na hitilafu zote mbili kwa pamoja. Dawa hupunguza dalili, lakini haziondoi kovu lililokwisha kujengeka kwenye valvu. Tiba yenyewe ni kuitengeneza valvu, kuitanua au kuibadilisha. Valvu bandia aliyoiweka daktari Albert Starr nchini Marekani mwaka 1960, iliyobuniwa pamoja na mhandisi Lowell Edwards, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufanikiwa, na tangu hapo upasuaji huu umeenea duniani.

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, mgonjwa wa kawaida wa valvu ni mzee ambaye valvu yake imechakaa na kuota chokaa. Katika Afrika Mashariki hali ni tofauti. Hapa chanzo kikubwa ni homa ya baridi yabisi, inayoanza na maambukizi ya koo ya bakteria wa kundi A la streptokoka, hasa kwa watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Kinga ya mwili, inapopambana na bakteria hao, hushambulia pia tishu za moyo, na mashambulizi yanayojirudia huacha makovu. Utafiti unaojulikana kama REMEDY, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha wagonjwa 3,343 kutoka nchi 14, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28, na takribani theluthi mbili walikuwa wanawake. Ufuatiliaji wa miaka miwili ulionesha kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya kila 6 alifariki dunia katika kipindi hicho.

Kwa muda mrefu, wagonjwa wengi wa Tanzania waliohitaji upasuaji huu walipelekwa nje ya nchi, hususani India. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Nchini Uganda huduma hii hutolewa na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, na nchini Kenya hutolewa, miongoni mwa hospitali nyingine, na Hospitali ya Tenwek iliyopo Bomet. Hata hivyo, kati ya siku ambayo daktari anaamua kwamba mgonjwa afanyiwe upasuaji na siku ya upasuaji wenyewe, huwapo kipindi cha kusubiri. Huenda fedha zinatafutwa, wachangia damu hawajapatikana, meno mabovu hayajatibiwa ili yasiwe chanzo cha maambukizi ya valvu, au orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Makala hii inahusu kipindi hicho, na swali lake ni moja: mwili wa mgonjwa ufanye nini wakati unasubiri?

2.0 Gharama ya Mapumziko

Ushauri wa kupumzika una mantiki yake. Moyo wenye valvu mbovu hufanya kazi kwa shida hata mgonjwa akiwa ametulia, kwa hiyo ni busara kutouongezea mzigo. Tatizo ni kwamba mapumziko nayo huudhuru mwili. Mwaka 1966, watafiti wa Dallas nchini Marekani waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya njema, wenye umri wa miaka 20, kwa muda wa wiki tatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1968 na Bengt Saltin na wenzake yalionesha kwamba uwezo wa juu kabisa wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Vijana hao hawakuwa na ugonjwa wowote. Wiki tatu za kulala tu zilitosha.

Mgonjwa wa valvu huanza kushuka akiwa tayari chini. Misuli yake ya mapaja imenyauka kwa sababu damu haiifikii vya kutosha na kwa sababu haitumiwi. Misuli ya kupumua, hasa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, nayo hudhoofu. Kadiri misuli inavyodhoofu, ndivyo kazi ndogo inavyomtaka mgonjwa apumue zaidi. Kadiri anavyohema, ndivyo anavyoogopa kusogea. Na kadiri anavyokaa, ndivyo misuli inavyozidi kudhoofu. Katika Kiswahili, neno pumzika limetokana na pumzi. Mgonjwa anayeambiwa apumzike huelewa kwamba pumzi yake inahifadhiwa. Kifiziolojia, mapumziko yakizidi, pumzi ndiyo inayopotea.

Hasara hiyo hudhihirika baada ya upasuaji. Katika upasuaji wa kawaida wa valvu, mfupa wa kidari hupasuliwa, moyo husimamishwa, na mashine ya moyo na mapafu hushika kazi yake kwa muda. Dawa za nusukaputi na kulala chali hupunguza hewa inayobaki mapafuni, na sehemu za chini za mapafu, hasa upande wa kushoto, hunywea. Mgonjwa anapozinduka, maumivu ya kifua humzuia kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, hivyo makohozi hubaki ndani. Wakati huohuo mwili huhitaji oksijeni zaidi ili kuponya majeraha. Kwa maneno mengine, mgonjwa hutakiwa kutumia akiba ya nguvu ambayo huenda hana. Asiyekuwa nayo hukaa muda mrefu zaidi kwenye mashine ya kupumulia, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata nimonia, na huchelewa kusimama.

Uhusiano huo kati ya nguvu za awali na matokeo umepimwa. Jonathan Afilalo na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwapima wagonjwa 131 wenye umri wa miaka 70 au zaidi kabla ya upasuaji wa mishipa ya moyo, wa valvu au wa vyote viwili. Kipimo chao kilikuwa kutembea mita 5 kwa mwendo wa kawaida. Wale waliotumia sekunde 6 au zaidi walikuwa na uwezekano wa takribani mara tatu zaidi wa kufariki au kupata madhara makubwa. Kipimo hicho hakihitaji mashine yoyote, bali sakafu na saa tu.

Lipo jambo jingine ambalo ushauri wa kupumzika hulifumbia macho. Mwanamke kijana wa kijijini aliyeambiwa apumzike si lazima apumzike. Bado huchota maji kwa ndoo ya lita 20, hutwanga, hubeba mtoto mgongoni na hupanda vilima kwenda shambani. Kazi hizo ni mzigo kwa moyo, lakini ni mzigo usiopimwa, usiopangiwa muda wala kusimamiwa. Kwa hiyo wagonjwa wengi hawachagui kati ya zoezi na mapumziko. Wanachokipata ni kazi nzito za ghafla zinazofuatwa na saa nyingi za kujilaza kwa uchovu, na mtindo huo una madhara ya pande zote mbili.

3.0 Dhana ya Mazoezi Andalizi na Ushahidi Wake

Mazoezi andalizi ni mpango wa mazoezi yaliyopimwa, unaotekelezwa kabla ya upasuaji kwa lengo la kuongeza akiba ya nguvu za mgonjwa. Kwa kawaida huwa na sehemu nne: mazoezi ya pumzi na stamina kama vile kutembea au kuendesha baiskeli iliyosimama, mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli, hasa ya miguu, mazoezi ya misuli ya kupumua, na elimu kuhusu upasuaji wenyewe, ikiwa ni pamoja na namna ya kukohoa na kuinuka kitandani bila kuumiza kidari.

Tafiti mbili hutajwa mara nyingi. Ya kwanza ni ya Heather Arthur na wenzake nchini Kanada, iliyochapishwa mwaka 2000, iliyowahusisha wagonjwa 249 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo. Kundi moja lilifanya mazoezi yaliyosimamiwa mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki nane, likapewa elimu na kupigiwa simu na muuguzi kila mwezi. Wagonjwa wa kundi hilo walilazwa kwa siku moja pungufu baada ya upasuaji wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Utafiti wa pili ni wa Erik Hulzebos na wenzake nchini Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 279 waliokuwa katika hatari kubwa ya matatizo ya mapafu waligawanywa kwa bahati nasibu, na kundi moja likafanya mazoezi ya misuli ya kuvuta pumzi kila siku kwa dakika 20, kwa muda usiopungua wiki mbili. Matatizo ya mapafu yaliwapata asilimia 18 ya kundi hilo, ilhali kwa kundi la huduma ya kawaida yaliwapata asilimia 35. Mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa kuharakisha nafuu baada ya upasuaji wa moyo ulipendekeza maandalizi ya namna hii kwa wagonjwa waliodhoofu au wenye maradhi mengi kwa pamoja.

Hata hivyo, matokeo hayo yana mpaka ambao mtafiti hapaswi kuupuuza. Tafiti zote mbili ziliwahusu wagonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa mgonjwa huyo, tatizo liko katika mishipa inayoulisha msuli wa moyo. Njia ambamo damu hupita kuingia na kutoka moyoni iko wazi. Kwa mgonjwa wa valvu, njia yenyewe ndiyo mbovu. Kumhamishia mgonjwa wa valvu mpango wa mazoezi uliotungwa kwa ajili ya mgonjwa wa mishipa, bila kuupima upya, ni sawa na kudhani kwamba bomba lililoziba na pampu iliyochoka ni tatizo moja. Sehemu inayofuata inaeleza tofauti hiyo kwa kila hitilafu.

4.0 Valvu kama Msingi wa Kipimo

4.1 Valvu ya aota iliyobana

Valvu ya aota hupitisha damu kutoka chumba cha chini cha kushoto kwenda kwenye mshipa mkuu. Kwa mtu mzima mwenye afya, uwazi wake huwa sentimita za mraba 3 hadi 4. Ukishuka chini ya sentimita 1 ya mraba, hitilafu huhesabiwa kuwa kali. Tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za valvu huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi ya damu. Kasi ikiongezeka maradufu, tofauti hiyo huongezeka mara nne. Hapo ndipo hatari ya zoezi ilipo. Mgonjwa anapotembea haraka, mishipa ya misuli yake hutanuka na kuhitaji damu zaidi, lakini moyo hauwezi kuisukuma kupitia tundu dogo. Shinikizo la damu mwilini hushuka badala ya kupanda, ubongo hukosa damu, na mgonjwa huzirai. Wakati mwingine mapigo ya moyo huvurugika na kifo hufuata.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya kitabibu hairuhusu hata kipimo cha mazoezi kwa mgonjwa ambaye valvu yake ya aota imebana vikali na tayari ana dalili. John Ross na Eugene Braunwald walieleza mwaka 1968 kwamba, bila upasuaji, wastani wa uhai baada ya dalili kuanza ni takribani miaka 5 kwa wenye maumivu ya kifua, 3 kwa wenye kuzirai na 2 kwa ambao moyo wao umeanza kushindwa kufanya kazi. Kinachomfaa mgonjwa huyu zaidi ni kuharakishiwa upasuaji. Maandalizi yake hubaki kwenye elimu, mazoezi mepesi ya kupumua bila kubana pumzi, na kutembea polepole chini ya kiwango kinacholeta dalili.

4.2 Valvu ya mitrali iliyobana

Valvu ya mitrali ipo kati ya chumba cha juu na cha chini vya upande wa kushoto. Hii ndiyo valvu ambayo homa ya baridi yabisi huidhuru zaidi. Uwazi wake wa kawaida ni sentimita za mraba 4 hadi 6, ukifika 1.5 au chini ya hapo, hitilafu ni kali. Hapa adui mkuu ni mwendo wa mapigo. Damu hupita kwenye valvu hii wakati moyo umelegea kati ya pigo moja na jingine. Moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, kila mzunguko huchukua sekunde 0.8, na takribani sekunde 0.5 kati ya hizo ni za kulegea. Ukipiga mara 120, mzunguko mzima ni sekunde 0.5, na muda wa kulegea hubaki karibu nusu ya ule wa awali. Damu ileile sharti ipite kwenye tundu lilelile dogo kwa muda mfupi zaidi. Isipopita, hurundikana nyuma, shinikizo hupanda hadi kwenye mapafu, na maji huanza kuvuja mapafuni. Mgonjwa aliyekuwa na nafuu akiwa ametulia huweza kushindwa kupumua baada ya kupanda ngazi kwa haraka.

Kwa mgonjwa huyu, zoezi la polepole linawezekana ikiwa dawa zimekwisha kutuliza mapigo. Si zoezi la kasi, wala la kupokezana kasi na mapumziko, kama lile linalotumiwa kwa wagonjwa wengine wa moyo. Aidha, haifai kutumia idadi ya mapigo kama kipimo cha nguvu ya zoezi, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawa wana mapigo yasiyo na mpangilio au wanatumia dawa zinazoyapunguza. Kipimo bora ni namna mgonjwa mwenyewe anavyohisi.

4.3 Valvu zinazovuja

Valvu ya aota au ya mitrali inayovuja humpa mtaalamu nafasi pana zaidi. Katika mwendo wa wastani, mishipa ya misuli hutanuka na ukinzani dhidi ya damu inayotoka moyoni hupungua, hivyo sehemu kubwa zaidi ya damu huelekea mbele kuliko kurudi nyuma. Kwa valvu ya aota inayovuja, kuongezeka kidogo kwa mapigo hupunguza pia muda wa kulegea, ambao ndio muda wa kuvuja. Kwa hiyo kutembea huweza kustahimiliwa vyema.

Zoezi la kukaza misuli bila kusogea lina athari iliyo kinyume. Mtu anaponyanyua kitu kizito au kukisukuma huku amebana pumzi, shinikizo la damu hupanda ghafla na damu hurudishwa nyuma kupitia valvu isiyofunga. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa takribani kilo 20, na kuiinua kutoka chini hadi kichwani ni kitendo cha aina hiyo hasa. Mgonjwa wa valvu inayovuja anaweza kuruhusiwa kutembea nusu saa kwenda kisimani na kukatazwa kurudi na ndoo. Maelezo yanayosema tu kwamba asifanye kazi ngumu hayamwoneshi tofauti hiyo.

4.4 Hitilafu mchanganyiko na shinikizo la mapafu

Wagonjwa wengi wa baridi yabisi wana valvu zaidi ya moja zilizoathirika. Kanuni inayofaa ni kuifuata hitilafu yenye masharti makali zaidi. Mgonjwa mwenye valvu ya mitrali inayovuja na ya aota iliyobana vikali hushughulikiwa kama mwenye valvu ya aota iliyobana. Vilevile, pale ambapo shinikizo la damu kwenye mapafu limepanda sana, upande wa kulia wa moyo huwa umelemewa, na zoezi hushushwa kiwango hata kama valvu yenyewe ingeliruhusu.

5.0 Mpango wa Mazoezi na Mipaka Yake

Hatua ya kwanza ni tathmini. Kabla ya zoezi lolote, mgonjwa awe na majibu ya kipimo cha eko, kinachoonesha aina na ukali wa hitilafu, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo na cha wingi wa damu. Upungufu wa damu hutibiwa kwanza, kwa sababu moyo unaosukuma damu hafifu hulazimika kupiga haraka zaidi. Kama hali ya valvu inaruhusu, uwezo wa kuanzia hupimwa kwa kutembea dakika 6 kwenye ujia ulionyooka wa mita 30, kwa kasi anayoichagua mgonjwa mwenyewe, huku umbali na dalili vikiandikwa.

Hatua ya pili ni misuli ya kupumua. Hii ndiyo sehemu inayoweza kuwafaa wagonjwa wengi zaidi, kwa kuwa huongeza mzigo mdogo kwa moyo na huandaa kiungo kinachopata shida kubwa baada ya upasuaji. Mgonjwa huvuta pumzi kupitia kifaa kidogo cha mkononi chenye ukinzani unaorekebishwa. Katika utafiti wa Uholanzi uliotajwa, ukinzani ulianzia asilimia 30 ya nguvu ya juu ya mgonjwa na kuongezwa kidogokidogo. Mahali ambapo kifaa hicho hakipo, mgonjwa bado hufundishwa kuvuta pumzi ndefu kwa kutumia tumbo, kuishikilia kidogo bila kujikaza na kuitoa polepole. Huweza pia kufundishwa kupuliza kupitia mrija uliozamishwa kwenye chupa ya maji, zoezi linalosaidia kufungua njia za hewa na kusogeza makohozi. Zoezi hilo la kupuliza halichukui nafasi ya kuimarisha misuli ya kuvuta pumzi, lakini humzoeza mgonjwa kile atakachotakiwa kukifanya akiwa na jeraha la kifua.

Hatua ya tatu ni kutembea na kuimarisha miguu. Mgonjwa anayeruhusiwa huanza na dakika 5 hadi 10 kwenye sehemu tambarare, na muda huongezwa kabla ya kasi. Nguvu ya zoezi hupimwa kwa skeli ya Borg, inayoanzia 6 hadi 20, na lengo huwa kati ya 11 na 13, yaani kutoka wepesi hadi ugumu kiasi. Kwa lugha rahisi, mgonjwa aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Miguu huimarishwa kwa kuketi na kuinuka kitini mara chache, akitoa pumzi anapoinuka. Zoezi hili lina faida ya moja kwa moja, kwa kuwa baada ya kidari kupasuliwa mgonjwa hukatazwa kujisukuma kwa mikono, na miguu pekee ndiyo itakayomwinua.

Hatua ya nne ni kujua wakati wa kuacha. Zoezi husimamishwa mara moja mgonjwa anapopata kizunguzungu, maumivu ya kifua, mapigo ya moyo kwenda mbio au kuvurugika, kuhema kusiko kwa kawaida, au shinikizo la damu linaposhuka badala ya kupanda. Kuamka usiku kwa kukosa pumzi, kuvimba miguu au uzito kuongezeka ghafla ni dalili kwamba mwili unajaa maji, na zoezi huahirishwa hadi daktari amwone. Homa isiyoelezeka kwa mgonjwa wa valvu huhitaji uchunguzi wa maambukizi ya valvu kabla ya jambo jingine lolote.

6.0 Utekelezaji katika Mazingira ya Afrika Mashariki

Mipango iliyochunguzwa Ulaya na Kanada ilitegemea mgonjwa anayeweza kufika kituoni kila wiki. Mgonjwa anayetoka Kigoma au Turkana hawezi kufanya hivyo. Utaratibu unaotekelezeka ni kufundishwa na kupimwa na mtaalamu wa mazoezi tiba wakati wa mahudhurio ya kliniki, kuendelea na mazoezi nyumbani, na kufuatiliwa kwa simu. Mahudhurio hayo yapo tayari, kwani mgonjwa wa baridi yabisi huhitaji sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 ili kuzuia homa isijirudie, na anayetumia warfarini huhitaji kupimwa mara kwa mara kiwango cha kuganda kwa damu. Miadi ileile yaweza kutumika kupima mwendo na kurekebisha zoezi.

Familia nayo ina nafasi yake. Mgonjwa hawezi kuacha kubeba ndoo kama hakuna mwingine wa kuibeba, wala kutembea kila jioni kama jamaa zake wanaamini kwamba kutembea kutamuua. Maelezo hayana budi kutolewa mbele ya mume, mama mkwe au yeyote anayegawa kazi nyumbani, yakitaja kazi kwa majina: ipi imekatazwa, ipi imeruhusiwa na kwa kiasi gani.

Kuna tahadhari moja inayopita zote. Mazoezi andalizi hayapaswi kamwe kuwa sababu ya kuahirisha upasuaji uliokwisha kuwezekana. Kwa mgonjwa mwenye valvu iliyobana vikali, wiki nane za mazoezi haziwezi kulipia wiki nane za kuchelewa. Mpango huu umekusudiwa kwa muda ambao ungesubiriwa kwa vyovyote vile.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba mapumziko na zoezi vyote ni matibabu, na kila kimoja kina madhara kikitolewa bila kipimo. Ushahidi uliopo unaunga mkono maandalizi ya mwili kabla ya upasuaji wa moyo, hasa ya misuli ya kupumua, lakini sehemu yake kubwa umetokana na wagonjwa wa mishipa, wenye umri mkubwa na walio karibu na vituo. Mgonjwa wa Afrika Mashariki mara nyingi ni kijana, mwanamke, mwenye kovu la baridi yabisi na anayeishi mbali. Umri wake ni faida, kwa kuwa misuli ya kijana huitikia mazoezi kwa haraka. Hitilafu ya valvu yake ndiyo inayoweka mpaka. Tafiti zitakazofanyika katika vituo vya upasuaji wa moyo vya ukanda huu zitakuwa na manufaa zaidi iwapo zitawagawa wagonjwa kwa aina ya hitilafu ya valvu tangu mwanzo, badala ya kuwaweka wote katika kundi moja la wagonjwa wa moyo. Kwa sasa, ushauri wa kliniki unaweza kuboreshwa kwa hatua ndogo: daktari anayemwandikia mgonjwa tarehe ya upasuaji aandike pia, kwa kurejelea kipimo chake cha eko, umbali anaoruhusiwa kutembea na mzigo asiopaswa kuubeba.